Mdogo wangu ameacha dawa na sauti zimerudi: tufanyeje nyumbani?

Swali

Asalaam alaykum daktari. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 29, naishi Muheza na mama yangu na mdogo wangu wa kiume wa miaka 23. Mwaka jana akiwa chuo cha ufundi alianza kusikia sauti na kusema wenzake wa bwenini wanamwekea sumu. Alilazwa, akapewa dawa, akatulia kabisa. Baada ya miezi michache akaziacha, anasema amepona na hataki kuonekana kichaa. Sasa halali. Usiku wa manane anafua nguo ambazo ni safi, na anasema jirani anasikiliza mawazo yake kwa redio. Mama anataka apelekwe kwa shekhe akasomewe. Baba mdogo anasema zamani haya hayakuwepo, ni bangi za siku hizi, afungwe kamba mpaka akili imrudie. Kaka yetu yuko Muscat, anatuma pesa na amri. Presha ya mama imepanda na mimi sina nguvu tena. Je, tumtilie dawa kwenye uji bila yeye kujua? Halafu mimi nina mchumba. Nimwambie au ninyamaze?

Jibu

Wa alaykumu salaam, mdogo wangu. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, udaktari umenipa tu kwa heshima. Kazi yangu ni kliniki ya wagonjwa wa nje, kwa hiyo kila siku nakaa na mgonjwa upande mmoja wa meza na ndugu aliyemleta upande wa pili, na mara nyingi anayetia huruma zaidi ni huyo ndugu.

Nianze na la haraka. Kukosa usingizi, kufua usiku, jirani na redio yake: huo ni ugonjwa ule ule umerudi, na umerudi kwa sababu dawa zilikatika. Msisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Mpelekeni wiki hii. Akigoma, nenda wewe peke yako na kadi yake, ueleze kama ulivyonieleza mimi. Hakuna ubaya ndugu kwenda kliniki bila mgonjwa. Utarudi na mpango, na watakaomwona baadaye watakuwa wanajua wanampokea nani.

Yapo yasiyosubiri hata kesho asubuhi. Akisema afadhali afe, au sauti zikimwamuru ajidhuru au amdhuru mtu, au akiacha kula na kunywa, ni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Vilevile akiwa ameshaanza tena dawa, akapata homa kali, mwili ukakakamaa na akili ikazidi kuvurugika, msimpe kidonge kingine, mkimbizeni. Hilo la mwisho hutokea kwa nadra lakini linaua.

Kuhusu kufa, muulize waziwazi: "Kuna wakati unaona bora usiwepo?" Watu wanaogopa kwamba kuuliza ni kumpa mtu wazo. Sivyo. Mwenye wazo hilo hupumua anapoulizwa, na asiye nalo atakuambia hapana. Miaka ya mwanzo ya ugonjwa huu, na majuma ya kwanza baada ya kutoka wodini, ndicho kipindi cha hatari zaidi. Kwa hiyo sumu ya mazao kama ipo, vidonge vya presha vya mama, na hata dawa zake mwenyewe, viwekwe chini ya kufuli na ufunguo ushikwe na mtu mmoja anayejulikana.

Sasa tuingie ndani ya nyumba yenu. Barua yako imenionyesha kwamba mnachoshwa na ubishi kuliko mnavyochoshwa na mgonjwa. Mama anasema ni jini, baba mdogo anasema ni bangi, wewe unasema ni ugonjwa, na kila mmoja anangoja wengine wakubali kauli yake ndipo kitu kifanyike. Ubishi huo hauna haja ya kuisha. Nimeona familia ambazo mpaka leo hazijakubaliana ni nini kilimpata mtoto wao, na mtoto yuko kazini, ana nafuu, anacheza mpira jioni. Walichokubaliana ni viwili tu: dawa zisikatike, na makelele nyumbani yapungue. Hivyo viwili ndivyo nakuomba uvipiganie. Vingine waachie waamini wanavyoamini.

Baba mdogo mjibu kwa upole, kwa sababu hajakosea lote. Bangi inaongeza hatari ya ugonjwa huu, hasa kwa kijana aliyeanza kuvuta mapema na anayevuta sana, na kwa mtu aliyewahi kuugua inaurudisha upesi. Kama mdogo wako anavuta, ni lazima kliniki wajue. Ila hilo la "zamani haya hayakuwepo" halina ukweli, na ushahidi uko karibu na kwenu: hospitali ya Lutindi, kule milimani Usambara, imekuwa ikipokea wagonjwa wa akili tangu mwaka 1904. Mirembe ya Dodoma ilianzishwa 1927. Babu zetu waliugua haya. Duniani kote mtu mmoja hivi kati ya 300 anaishi na skizofrenia, ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini mambo yasiyokuwepo, na kwa kawaida huanza umri huu huu wa mdogo wako, wanaume wakitangulia wanawake kwa miaka kadhaa.

Sisemi kwamba yeye anayo skizofrenia. Jina hilo hulitoa daktari baada ya kumfuatilia kwa miezi, kwa sababu kusikia sauti kunaweza kuletwa pia na baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), kifafa, kaswende iliyokaa mwilini, VVU, au malaria iliyopanda kichwani. Uliza kama alipimwa damu mwaka jana. Kama hakupimwa, apimwe sasa.

Hayo makelele ninayoyasema si maneno ya busara tu, yalichunguzwa. Miaka ya 1950, dawa za kwanza za kutuliza sauti zilipoanza kuruhusu wagonjwa kurudi makwao, mtafiti wa London aitwaye George Brown aliwafuatilia wanaume waliotoka hospitali. Ungetegemea waliorudi kwa mama zao au wake zao wawe na hali nzuri kuliko waliokwenda kupanga vyumba kwa watu baki. Ikawa kinyume: waliorudi kwa wazazi na wake ndio waliorejea wodini zaidi, wakati waliokwenda kukaa na kaka au dada walikuwa na nafuu kama wale waliopanga. Akaendelea kuchimba. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha hesabu yake: katika nyumba zenye lawama nyingi, uhasama, au mzazi anayemganda mgonjwa kila hatua, asilimia 58 waliugua tena ndani ya miezi tisa. Katika nyumba tulivu walikuwa asilimia 16.

Lakini usimsomee mama hesabu hizo kama hukumu. Lawama haikuleta ugonjwa. Kuna wakati madaktari wa Ulaya na Marekani waliwabebesha akina mama mzigo huo, na nadharia hiyo imeshatupwa. Hesabu hizi zinasema kwamba ubongo unaotoka kwenye ugonjwa huu haustahimili kusemwasemwa. Brown na wenzake walikuta pia kwamba, penye lawama, mgonjwa aliyekaa uso kwa uso na jamaa zake chini ya saa 35 kwa wiki alikuwa na afueni kuliko aliyeshinda nao kutwa. Kwa hiyo unapokwenda kwenye cherehani yako usijione unamtelekeza. Na yeye akitaka kukaa chumbani peke yake saa mbili baada ya chakula, mwacheni akae. Mama asimfuate kila dakika kumuuliza "Unawaza nini?"

Lawama kubwa kuliko zote itakuja baadaye, akishapata nafuu, nami naitabiri kwa sababu huja kila nyumba. Sauti zitanyamaza, atalala vizuri, lakini atashinda kitandani. Haogi mpaka aambiwe. Anaangalia ukuta. Hapo ndipo mtu atasema, "Sasa amepona, huu ni uvivu tu." Mdogo wangu, huo nao ni ugonjwa. Kukosa hamu, uso kutoonyesha chochote, maneno kuwa machache, ni sehemu ya maradhi yenyewe, na mara nyingine dawa zikizidi kipimo huongezea. Dawa ya hilo ni kazi ndogo inayoeleweka, yenye saa yake: ajaze ndoo mbili kila asubuhi, aende sokoni kununua nazi, akukatie uzi na kukupangia vifungo vya kushona jioni. Akifanya, aambiwe asante. Asipofanya leo, ataulizwa kesho. Chuo kisubiri.

Unavyozungumza naye sasa hivi, sauti zikiwa zimewaka, ni jambo jingine. Tuseme amekaa mlangoni saa nne usiku, anakuambia, "Dada, yule jirani ananisikiliza tena. Kila ninalowaza analitangaza." Wengi hujibu, "Acha upuuzi, redio yake mbovu hata haisikiki." Hapo umemwambia mambo mawili: kwamba yeye mjinga, na kwamba wewe hauko upande wake. Wengine, kwa kumhurumia, hujibu, "Kweli, hata mimi nimemwona." Hiyo ni mbaya zaidi, maana sasa jirani ana hatari ya kupigwa jiwe. Jaribu hivi: "Mimi simsikii. Lakini naona unaogopa, na usiku huu hujalala. Njoo tukae ndani, nikupashie chai." Hujakubali, hujabisha. Umeshika kitu ambacho ni cha kweli kwenu nyote wawili, ile hofu. Sauti yako iwe ya chini, maneno yawe machache, mtu mmoja azungumze. Mkikaa watu watano mnamshauri kwa pamoja, kwa mtu ambaye tayari kichwani ana watu watatu, hatasikia hata mmoja.

Anaposema "Mimi siumwi" pia msimshike uongo. Wengi wenye maradhi haya kweli hawaoni kwamba wanaumwa. Ni sehemu ya ubongo kukosa habari zake wenyewe, wala si kiburi. Hutashinda kwa hoja. Tafuta kitu ambacho yeye mwenyewe anakilalamikia. Kwenu ninyi kipo, tena kizuri: halali. "Twende wakakusaidie upate usingizi" inaingia pale ambapo "Twende ukatibiwe wazimu" haiingii kamwe.

Tuje kwenye dawa. Hapa ndipo nitakaa kidogo.

Umeandika kwamba aliacha kwa sababu amepona na hataki kuonekana kichaa. Nakubali ni sababu, sidhani kama ndiyo yote. Mtu mzima haachi kidonge kinachompa amani bila kidonge hicho kumfanyia jambo lingine. Sijui alipewa zipi, kwa hiyo angalia kadi. Haloperidol inaweza kukakamaza mwili, kupinda shingo, kupeleka macho juu yakagoma kushuka, kumwaga mate, na kuleta hali ya miguu kushindwa kutulia ambayo mgonjwa hushindwa hata kuieleza. Anatembea tu huku na huko, nyumbani mnadhani ugonjwa umezidi. Chlorpromazine humlaza mtu kama gunia, humpa kizunguzungu akisimama ghafla, na ngozi huungua upesi juani, jambo ambalo kwa kijana wa kazi za mikono si dogo. Olanzapine huleta njaa isiyoisha na unene, na sukari lazima ipimwe mara kwa mara. Karibu yote haya yana njia: kupunguza kipimo, kubadili dawa, kuhamishia kidonge usiku, au kuongeza kile kidonge cha kulegeza mwili ambacho kliniki wengi wanakijua kwa jina la Artane. Shingo ikipinda au macho yakienda juu, kuna sindano inayorudisha hali kwa muda mfupi. Yanayohitajika ni mgonjwa aseme, na asiadhibiwe kwa kusema.

Kuna moja hatalisema kwako wala kwa mama. Dawa kadhaa za kundi hili hupunguza nguvu za kiume, na nyingine huweza hata kumvimbisha kijana matiti. Fikiria una miaka 23. Ukiniuliza ni kitu gani huwafanya vijana wa kiume watupe vidonge chooni, hili naliweka juu kuliko aibu ya kuitwa kichaa. Tafuta mwanaume anayemwamini, mjomba, rafiki wa zamani wa mtaani, amuulize faraghani. Hata huyo baba mdogo, akiacha kamba zake, anaweza kufaa sana hapa. Kisha mhudumu wa kliniki aambiwe, kwa sababu dawa inaweza kubadilishwa.

Muda gani atumie? Baada ya kuugua mara ya kwanza, ushauri wa kawaida ni kuendelea angalau miezi 12 tangu dalili ziishe. Yeye sasa ameugua mara ya pili, kwa hiyo daktari atazungumzia miaka. Ukubwa wa jambo hili uone hivi: utafiti mmoja wa New York uliochapishwa mwaka 1999 uliwafuatilia watu waliougua kwa mara ya kwanza, na walioacha dawa walikuwa na hatari ya kuugua tena karibu mara 5 ya walioendelea nazo. Naye atapata nafuu kwa hatua, msikate tamaa mapema: usingizi na fujo hutulia ndani ya siku chache, sauti na jirani wa redio huchukua majuma kadhaa. Ramadhani ikifika na akitaka kufunga, mwombe daktari dawa zihamishiwe baada ya futari. Asiamue mwenyewe kuziacha mwezi mzima. Kila mwaka baada ya Idi kliniki hujaa kwa sababu hiyo.

Sasa uji. Jibu langu ni hapana.

Mwaka jana kilichompeleka hospitali ni kuamini kwamba wenzake wanamwekea sumu. Siku akikuta kidonge chini ya kikombe, au akisikia uchungu mdomoni, mtakuwa mmemthibitishia kwamba alikuwa sahihi, na kwamba anayemtilia ni dada yake. Ataacha kula nyumbani. Kumrudisha hapo ni kazi ya miezi. Isitoshe, hujui amekunywa nusu kikombe au chote, na akipata madhara hatajua aseme nini kwa daktari. Najua watu wengi wanafanya, najua wanafanya kwa mapenzi, na najua kuna usiku ambao utaona huna njia nyingine. Njia nyingine ipo.

Kuna sindano za muda mrefu. Fluphenazine huchomwa kila baada ya wiki mbili hadi nne, haloperidol ya aina hiyo kila baada ya wiki nne. Kwa kijana asiyetaka kuonekana na vidonge, sindano moja kwa mwezi inampa siri yake: hakuna anayemuona anameza kitu, hakuna mama anayemuuliza asubuhi na jioni "Umekunywa?" Hilo swali peke yake huleta ugomvi mwingi kuliko mnavyodhani. Muulizeni daktari kama inamfaa, na muulizeni kijana mwenyewe mbele ya daktari. Si kila kituo huwa nayo wakati wote, kwa hiyo pigeni simu kabla ya kupanda basi. Na mkifika, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kuhusu msamaha wa gharama. Watu wengi hulipa kwa sababu hawakuuliza.

Kwa shekhe mwende, kama mama anataka. Sioni sababu ya kumvunja moyo mzazi aliyebakiwa na dua, na kijana mwenyewe akisomewa na mtu mwenye sauti tulivu anaweza kutulia saa kadhaa, hata kulala. Kombe la zafarani halina ubaya na dawa zake. Lakini wewe nenda nao, uzungumze na shekhe kabla ya kisomo kuanza, umwambie kwa adabu kwamba kijana ana dawa za hospitali na hataziacha, kwamba hapigwi wala hafungwi, na kwamba hapewi mizizi ya kunywa wala mafusho ya kujifunika shuka. Shekhe mwenye elimu yake hatakataa. Wapo wanaotuletea wagonjwa kliniki wao wenyewe. Anayesema "dawa za hospitali zinamkasirisha jini, ziacheni kwanza", au anayetaja bei kubwa kabla hajamtazama mgonjwa, mrudisheni mama nyumbani.

Kwenye kamba sina lugha laini. Kamba na mnyororo hukata ngozi, huua mishipa ya mikono, huweza kugandisha damu miguuni, na mtu aliyefungwa na ndugu zake hasahau hata sauti zikinyamaza. Tena haitibu. Mtu hunyamaza kwa kuchoka, mkafikiri akili imerudi.

Baba mdogo anaogopa, na huwezi kumwondolea kamba bila kumpa kitu kingine cha kufanya. Mkubaliane mapema, kabla ya fujo: visu, panga na mchi vikae wapi, watoto wa jirani watoke kwa mlango upi, nani azungumze na nani wakae kimya, namba ya dereva gani wa bajaji au gari ipigwe. Kijana akichemka, msimzunguke wala msimzibie mlango. Mpeni nafasi, zimeni redio na televisheni. Ikishindikana, wanaume wawili watatu anaowafahamu wamsindikize hospitali, mwenyekiti wa kitongoji akijulishwa, na polisi wakiitwa waambiwe wazi kwamba ni mgonjwa, si mhalifu. Tanzania ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inayoeleza utaratibu wa kumfikisha hospitali mtu asiyekubali. Mpe baba mdogo kazi hii yote aisimamie. Mtu mkali akipewa wajibu wenye maana mara nyingi hutulia kabla ya mgonjwa.

Na akitokea jirani wa kushauri "mwozesheni, atatulia", mshukuru kwa chai uliyokunywa kwake na uage. Mke si kidonge.

Mama apimwe presha wiki hii hii. Ikiwezekana iwe siku moja na safari ya kijana, kwa sababu mama wa namna yake hatakwenda kwa ajili yake mwenyewe. Kuna kitu nimeona kwa akina mama wengi: mtoto akiugua wanaacha vidonge vyao bila kujua, kichwa kimejaa, au wanaviacha makusudi kama namna ya kushiriki maumivu. Angalia vidonge vyake, hesabu vilivyobaki. Halafu mwambie, bila watu wengine kuwapo, kwamba hakukosea kumlea. Mwambie zaidi ya mara moja. Ukimwona analia kila siku kwa zaidi ya wiki mbili, halali, hali, anasema yeye ndiye mzigo, basi naye apelekwe akaonwe. Sonona inatibika, na umri si kisingizio cha kumwacha nayo.

Kaka wa Muscat. Aliye mbali huwa na amri nyingi kwa sababu hana kingine cha kushika, nawe usimjibu kwa hasira kwenye kundi la WhatsApp mbele ya shangazi zako. Mpigie. Mwambie pesa zake zina kazi maalumu: nauli ya kliniki kila mwezi, sindano, na mshahara wa binti wa kukusaidia kufua na kupika siku mbili kwa wiki. Kisha mpe kazi ya pili ambayo ni yake tu: kila Ijumaa ampigie mdogo wake dakika kumi wazungumze mpira, kazi, Muscat kuna joto gani. Marufuku kuuliza dawa. Kijana anahitaji mtu mmoja katika ukoo ambaye kwake si mgonjwa.

Wewe mwenyewe anza na usingizi, kwa sababu umesema huna nguvu tena na ninakuamini. Gawaneni usiku: wewe usiku mmoja, baba mdogo au binamu usiku wa pili, alale sebuleni. Nunua daftari la kawaida, uandike kila siku mstari mmoja: alilala saa ngapi, alikula nini, alisema nini cha ajabu, alimeza dawa au la. Kliniki tutakuheshimu kwa daftari hilo kuliko kwa maelezo ya saa nzima. Na litakufundisha dalili yenu. Kila mgonjwa ana mlango wake ambao ugonjwa huingilia. Wa kwenu, kwa ulivyoandika, ni usingizi na kufua usiku. Siku ukisikia maji yanamwagika kwenye beseni saa nane za usiku, asubuhi yake unapiga simu kliniki. Ugonjwa ukikamatwa hapo, mara nyingi hakuna kulazwa.

Majirani waambie sentensi moja, iwe hiyo hiyo kila siku: "Anaumwa, yuko kwenye matibabu, tuombeeni." Huna deni la maelezo zaidi ya hapo. Yule jirani wa redio pekee mweleze zaidi kidogo, umwombe asimchokoze wala asimcheke, maana yeye yumo ndani ya kisa bila kosa lake.

Nimebakiwa na mchumba wako. Mwambie, na umwambie wewe mwenyewe kabla posa haijafika mbali, kwa sababu Muheza ni ndogo na shangazi fulani atamwambia kwa maneno yake. Unachoogopa, naona, ni ukweni kusema "huo ni ugonjwa wa ukoo". Ni kweli damu ina sehemu yake. Lakini hata mtoto wa mgonjwa mwenyewe wa skizofrenia ana nafasi kubwa zaidi ya kutougua kuliko ya kuugua, na watoto wako wewe, ambao mdogo wako atakuwa mjomba wao, wako mbali zaidi ya hapo: zaidi ya 9 kati ya 10 wa aina hiyo hawaugui kamwe. Mpe hesabu hiyo. Kisha mwambie na lile ambalo ni zito zaidi kwa ndoa yenu, kwamba kila mwezi kuna siku moja utakwenda kliniki na mdogo wako, na kwamba siku nyingine simu itaita usiku. Akiuliza ni kliniki gani, na siku gani ya mwezi, endelea kumweleza.